Siku moja maishani mwangu: beki tatu kwenye dirisha la vifurushi

Kabla alamu haijalia, goti la kulia limeshanigutusha. Saa 9:40 usiku. Nakaa ukingoni mwa kitanda, nalikunja na kulinyoosha mara kumi, linalia kama bawaba isiyotiwa mafuta, ndipo nasimama. Mke wangu anasema gizani, "Leo usinyanyue magunia." Namwitikia. Sote wawili tunajua nitayanyanyua.

Goti hili lilikatika dakika ya 63 ya mechi yangu ya mwisho, mechi ya mchujo wa kubaki Ligi Kuu. Nilitoka kwa machela na sikurudi tena. Wenzangu husema wametundika daluga. Mimi sikutundika. Zangu nilimuuzia dogo mmoja wa Mwanga kwa elfu thelathini, nikaongezea kwenye kodi ya chumba.

Nilicheza misimu kumi na moja, klabu tatu. Nilikuwa mchezaji wa kulipwa, kwa maana kwamba kuna miezi tulilipwa. Namba yangu ilikuwa tatu, beki wa kushoto. Ndiyo, beki tatu. Utani wa dada wa kazi nimeshausikia mara nyingi kuliko krosi nilizookoa, kwa hiyo tuuache.

Sasa hivi ni karani wa vifurushi kwenye ofisi ya basi moja hapa stendi ya Masanga, Kigoma. Siyo mpiga debe, wala kondakta. Mimi ndiye ninayepokea mzigo wako, naupima, naukatia risiti, nauandika jina, naupanga kwenye buti na kumpigia simu anayeupokea. Ukipotea, unakatwa kwenye mshahara wangu.

Saa 10:30 alfajiri boda ananishusha stendi kutoka Ujiji. Mabasi yameshawashwa, moshi umetanda chini ya taa. Hadi saa 12 kazi ni moja: kupakia gari la Dar. Mgeni anadhani kupakia ni kurundika. Hapana. Dagaa wakavu ni wepesi lakini gunia lake linakula nafasi, na harufu yake haiombi ruhusa, kwa hiyo linakaa peke yake upande wa nyuma. Mawese yanasimama wima kwenye kona, mbali na masanduku ya nguo. Dumu likilala na mfuniko ukalegea, mafuta yale mekundu yakaingia kwenye begi la bibi harusi, hakuna sabuni itakayowapatanisha. Kila dumu ninalifungua mwenyewe, naweka kipande cha nailoni juu ya mdomo, nakaza mfuniko, halafu nazungushia ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli. Nachora mshale unaoelekea juu kwa makapeni. Kwa miaka minne hakuna dumu langu lililomwaga. Mshambuliaji mmoja tu aliwahi kuniogopa kiasi hicho.

Basi linatoka. Nakunywa uji, nakula chapati mbili na maharage. Saa moja na nusu nafungua dirisha.

Saa 3 asubuhi akaja mzee.

Naomba nikae hapa kidogo, maana hapa ndipo siku ilipokwama. Amekuja na gunia la dagaa na madumu mawili ya mawese, yote yanakwenda kwa binti yake Mbagala, yatapanda gari la kesho alfajiri. Kanzu safi, kofia, redio ndogo mfukoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Gunia kilo ishirini na tano. Niandikie niondoke."

"Tulipandishe kwenye mzani kwanza, mzee wangu."

Hakutaka. Alisema amepima nyumbani. Kwa kutumia nini? Kwa mkono. Alisema mizani ya stendi inakula. Nikapandisha dumu moja ili aone kwamba haina shida, ikasoma kilo kumi na tisa. Akageukia foleni na kuinua kidole, kama wakili aliyepata alichokuwa akikitafuta.

"Mmeona? Dumu la lita ishirini, mzani unasema kumi na tisa! Sasa huu utaniambia nini kuhusu gunia?"

Nikamweleza kwamba mafuta ni mepesi kuliko maji, ndiyo maana yanaelea, na hizo kumi na tisa ni pamoja na dumu lenyewe. Na kwamba mzani ukisoma pungufu anayefaidi ni yeye. Hilo la mwisho hakulisikia. Mama mmoja mwenye kitenge akasema kijana yuko sahihi. Jamaa mwenye magurudumu ya toroli akasema lita ni kilo, alifundishwa shuleni. Foleni ikagawanyika, Simba na Yanga, na nyuma yao watu wakazidi kujaa.

"Panda wewe," mzee akaniambia.

"Mimi?"

"Panda tuone unasemaje. Mtu uzito wake anaujua."

Nikapanda. Sijui kwa nini nilipanda. Mzani ukasoma themanini na nane. Mzee akaniangalia kuanzia viatu hadi usoni, na usoni ndipo aliposimama. Nikaona anavyokunja macho. Nimeshaijua namna ile ya kukunja macho; ikija, huna pa kujificha.

"Wewe si ndiye yule… beki?"

"Ndiye, mzee."

"Ulikuwa na kilo ngapi enzi zile?"

"Sabini na mbili."

Stendi nzima ikacheka. Mimi pia nikacheka, kwa sababu usipocheka hapo wanaendelea. Lakini mzee hakucheka. Uso ulibadilika, akawa kama mtu aliyemkuta mdaiwa wake sokoni.

"Wewe ndiye uliyekosa penalti. Mechi ya mchujo. Dakika ya tisini. Nilikuwa na redio hii hii." Akaitoa mfukoni, akanionyesha, kama ushahidi. "Timu ikashuka daraja. Ulipiga juu. Juu ya mwamba!"

Kuanzia hapo hakukuwa na mzani tena. Alirudia mechi yote. Akasimulia kona ambayo naikumbuka na faulo ambayo haikuwepo. Akahamia zamani, enzi za RTC Kigoma, timu ya kampuni ya biashara ya mkoa, na timu nyingine za mashirika ya umma, na nikiri kwamba hapo alisema la maana. Alisema wakati ule mchezaji alikuwa mfanyakazi kwanza. Asubuhi yuko stoo au karakana, jioni yuko uwanjani, na goti likikatika kiti chake kipo. Mashirika yalipouzwa, timu nyingi zikafa nayo. Siku hizi anayebaki na pa kurudi ni yule aliyeandikishwa kwenye timu ya jeshi au magereza. "Nyie wengine," akasema, "mnalipwa hela nyingi siku mbili, halafu mnafulia."

Neno hilo. Kufulia. Huwa naambiwa karibu kila wiki. Mtu ananikuta nimebeba gunia ananinong'oneza kwa huruma, "Kaka, kumbe umefulia?" Nina kazi, nalipa ada za watoto wawili, lakini kwa kuwa aliniona siku moja kwenye televisheni basi kwake mimi ni maiti inayotembea. Dereva aliyeendesha lori tangu ujana haulizwi kama amefulia.

Saa ilikuwa inakaribia nne na nusu. Mama wa kitenge alikuwa ameketi juu ya mzigo wake. Kijana wa mwisho kwenye foleni alishaondoka kwenda ofisi ya jirani, na huyo alikuwa na boksi tatu. Bosi akachungulia mlangoni.

"Sema mbele ya watu," mzee akasema. "Ulikosa hukukosa?"

"Nilikosa, mzee. Nilipiga juu. Sasa tuweke gunia."

Akatulia. Kweli, akatulia kabisa, kama mtoto aliyepewa alichokuwa akililia. Akaniacha nipandishe gunia mwenyewe, goti likanikumbusha maneno ya usiku, na mzani ukasema thelathini na nane. Akalipa bila neno.

Saa sita na kitu nikaomba ruhusa ya saa mbili. Nilikuwa na usaili mjini, nafasi ya mtunza stoo kwenye kampuni moja. Nilikuwa nimeandaa barua, nakala za kitambulisho, barua ya serikali ya mtaa. Cheti cha kidato cha nne sina; nilitoka shule kidato cha tatu nilipochukuliwa timu ya vijana, na nyumbani walichinja kuku siku hiyo. Kwenye usaili walikuwa watu watatu mezani.

"Una uzoefu wa miaka mingapi wa kutunza mali?"

Nikasema minne stendi. Na kabla ya hapo? Nikaeleza. Mmoja akasimama, akanipa mkono, akasema baba yake alikuwa shabiki wangu. Wakapiga picha na mimi, mmoja mmoja, halafu wote. Nilipotoka wakasema watanipigia. Katika usaili tano nilizokwenda tangu niache mpira, picha nimepigwa nne.

Ambacho sikupata nafasi ya kuwaambia ni kwamba misimu sita nilikuwa nahodha msaidizi, nikagawa jezi, nikahesabu mipira, nikajua nani anaumwa na nani anajisingizia, nikaamka alfajiri bila kuitwa. Hayo sijui yanaandikwa wapi kwenye barua ya maombi. Sehemu ya "mwajiri wako wa awali" niliandika klabu moja ambayo ilikuwa inatukata kwenye mshahara makato ya mfuko wa hifadhi ya jamii, na nilipokwenda kuangalia akaunti yangu nikakuta michango ya miezi saba. Nilikaa pale misimu mitatu.

Nikarudi stendi kwa daladala. Joto. Mchana huwa hakuna la kusimulia: vifurushi vya dawa za mifugo vya Kasulu, boksi la simu la Kibondo, bahasha. Mwaka 2024 mchana kama huu ulikuwa mrefu zaidi, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kuvuliwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Magunia ya dagaa yalikatika, na kamisheni yangu ikakatika nayo. Mtu wa mbali anadhani ziwa likifungwa anayekosa ni mvuvi tu. Hata bila hilo, mwezi ukiwa mpevu taa za wavuvi hazivuti dagaa, na mimi huku stendi, mbali na maji, huwa najua kuna mbalamwezi kwa kuangalia kitabu changu cha risiti.

Gari la Mwanza lilipaswa kufika saa kumi na moja jioni. Likapasuka tairi Kakonko.

Kusubiri basi lililoharibika ni kazi yenyewe, ila hailipwi. Simu hazikomi. "Limefika wapi?" "Umesema linakuja tangu saa ile." Kuna baba alipiga mara tisa kwa ajili ya madaftari. Nilikaa kwenye benchi la mbao, mguu nimeunyoosha juu ya ndoo, nikawa natazama pale karibu na lango ambapo nilianzia kazi. Ilikuwa Julai 2021, wiki ya fainali ya Kombe la Shirikisho, Simba na Yanga, pale uwanja wa Lake Tanganyika. Mji ulijaa hadi watu wakalala kwenye vibaraza. Mimi nilikuwa nina siku chache tu hapa, nashusha mabegi ya mashabiki. Kijana mwenye jezi nyekundu akanipa mia tano na kuniuliza uwanja uko upande gani. Nikamwelekeza. Alikuwa na haraka. Simba wakashinda 1-0, bao la Taddeo Lwanga, nami nilisikia tu kelele zake nikiwa chini ya buti la basi.

Saa mbili usiku, au karibu tatu, sikuangalia tena, gari likaingia. Tulishusha kwa taa za simu. Mtu wa madaftari alikuwepo, na akasema asante, nikashangaa. Mawili ya maboksi yalikuwa yamelowa, nikaandika kwenye kitabu, nikasaini, mwenye mali akasaini, dereva akagoma kusaini, akasaini. Nikafunga stoo. Kabla ya kufunga nikayaangalia yale madumu mawili ya mzee kwenye kona, mishale juu, mpira umekaza.

Nimefika nyumbani, mke wangu ameniwekea maji ya moto kwenye beseni, kitambaa, chumvi. Hakuuliza kuhusu magunia. Aliuliza kuhusu usaili, nikamwambia wamepiga picha. Akakamua kitambaa.

Simu ikaita. Namba ngeni. Nikadhani ni kampuni, ingawa kampuni gani inapiga saa nne usiku.

"Karani! Mawese yamesimama?"

"Yamesimama, mzee. Wima."

"Vizuri." Akakohoa. Nilisikia redio nyuma yake. "Sasa nimebishana na mwanangu hapa. Anasema penalti ile alipiga winga. Anasema wewe ulikuwa umeshatoka kwa machela."

"Kweli, mzee. Dakika ya sitini na tatu."

Kimya.

"Sasa kwa nini asubuhi ulikubali mbele ya watu?"

"Nilitaka upime gunia."