Kutazama nyota kutoka Unguja: macho kwanza, darubini baadaye

Mwezi wa Disemba 2009 umeme ulikatika Unguja nzima kwa hitilafu ya waya unaopita chini ya bahari kutoka Bara, na haukurudi mpaka Machi 2010. Miezi ile mitatu ilikuwa ya dhiki kubwa, kwa kuwa maji hayakupanda mabombani, samaki waliharibika na majenereta yalinguruma usiku kucha. Sisi wa mtaa wa Kikwajuni ambao hatukuwa na jenereta tulitandika mikeka uwani kwa sababu ya joto la kaskazi, na huko ndiko bibi yangu aliponionesha Kilimia, fungu dogo la nyota zilizosongamana, na kuniuliza nahesabu nyota ngapi. Nilihesabu sita. Akaniambia msemo ambao wakulima wa mwambao wamekuwa wakiutumia tangu zamani, kwamba Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Nilikuwa nimezaliwa na kukulia mjini, na kabla ya usiku ule sikuwa nimewahi kujua kwamba juu ya bati letu ilipita Njia Nyeupe, ule mkanda wa nuru ya nyota unaokata mbingu.

Siku hizi vijana wa skuli huniuliza mara kwa mara wanunue darubini gani, na jibu langu huwavunja moyo kidogo, kwa sababu nawaomba kwanza wasinunue kitu kwa muda wa miezi miwili. Darubini huonesha kipande cha mbingu kidogo sana, mara nyingi kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba ukiwa umenyoosha mkono, na mtu asiyejua mbingu zimepangwaje atazungusha bomba lake usiku kucha bila kukutana na chochote cha maana. Basi na alale chali mahali penye kiza, ayape macho dakika 20 au 30 ya kuzoea, afunike tochi yake kwa karatasi nyekundu ya selofeni inayopitisha mwanga, aizime simu au aiweke katika mwanga mwekundu, kisha ajifunze majirani wa mbinguni mmoja baada ya mwingine. Programu ya Stellarium, ambayo toleo lake la kompyuta hupatikana bure, inatosha kabisa kuwa ramani. Bahati yetu ni kwamba jua la hapa huzama karibu na saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na ikifika saa mbili kiza kimekamilika, kwa hiyo hata mtoto anaweza kutazama nyota baada ya sala ya Isha na bado akawahi kulala.

Aliyesoma chuoni, yaani madrasa, atagundua jambo jingine la kufurahisha. Majina mengi ya nyota yanayotumiwa na wanajimu wa dunia nzima ni Kiarabu kilichochakaa. Rigel, katika kundi la Jabari, ni mguu. Aldebaran ni mfuasi, kwa kuwa inaifuata Thuraya, yaani Kilimia chetu. Fomalhaut ni mdomo wa samaki. Shira, nyota ing'aayo kuliko zote usiku, imetajwa katika Surat Najm. Na Suheli, ya pili kwa kung'aa, ndiyo iliyowapa wazee wetu neno lao la kusini, kama vile nyota ya Jaa ilivyowapa neno la kaskazini. Mabaharia walioteremka kutoka Arabuni waliiona Jaa ikishuka usiku hadi usiku, na ukiwa Unguja, iliyo nyuzi 6 kusini mwa ikweta, nyota hiyo haionekani kamwe. Wakategemea nyota nyingine, Suheli ikiwamo. Nahodha Ahmad ibn Majid wa karne ya 15 aliandika mashairi ya elimu hiyo, na mojawapo linahusu njia ya kufika Sofala, katika Msumbiji ya leo, kupitia mwambao wetu. Nayataja haya kwa sababu yanakanusha maneno ya wanaodhani kutazama nyota ni mchezo wa wageni.

Kukosa Jaa kuna malipo yake makubwa. Kutoka hapa tulipo karibu mbingu yote hupita mbele yetu katika mwaka mmoja. Usiku wa Novemba, vuli ikitoa nafasi, mtu anaweza kusimama mahali pamoja akaiona galaksi ya Andromeda, yaani mkusanyiko mkubwa mno wa nyota, upande wa kaskazini, iliyo umbali wa miakanuru milioni 2.5 hivi (mwakanuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja), kisha akageuka na kuliona Wingu Dogo la Magellan, ambalo nalo ni galaksi, upande wa kusini. Mtu wa London hawezi kuliona wingu hilo abadani.

Baada ya miezi miwili hiyo, chombo cha kwanza kiwe darubini ya macho mawili, na kama uwezo unaruhusu iwe ile iliyoandikwa 10x50. Namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza, na ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Mboni ya jicho la kijana kizani hufunguka kufikia milimita 7 hivi, kwa hiyo lenzi ya milimita 50 hukusanya nuru mara 50 kuliko jicho tupu, na nuru hiyo ndiyo tunayoitafuta kuliko ukubwa. Zinazokuza zaidi ya mara 10 hutetemeka mno mkononi. Hata ya mara 10 inahitaji uegemee ukuta, au ulale mkekani ukiwa umeegemeza viwiko kifuani. Nilipompa bibi yangu ya kwanza niliyoipata, akakitazama Kilimia chake, alihesabu mpaka thelathini na kitu akachanganyikiwa na kuanza upya. Alikuwa ameijua ile nyumba kwa miaka sabini bila kujua ina watu wangapi ndani.

Anayenunua iliyokwishatumika, kama tunavyofanya wengi wetu, aielekeze taa ya mbali na kuhakikisha kwamba anaona picha moja tu. Zikiwa mbili zilizopishana, vioo vya ndani vimehama na kichwa kitamuuma baada ya dakika chache. Kisha aigeuze, amulike tochi kutoka upande wa pili na kutazama ndani ya lenzi kwa makini.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu vitabu vya ugenini huligusa jambo hili kwa sentensi moja na kwetu ndilo linaloua vyombo vingi. Ukiona ndani ya lenzi nyuzinyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi mwaka mzima, na darubini ikifungwa katika mkoba wake wa kitambaa ndani ya kabati lisilopitisha hewa, hasa wakati wa masika, kuvu humea juu ya kioo na kuanza kula ule utando mwembamba uliopakwa ili kioo kisirudishe nuru. Madoa yake hayatoki. Darubini yangu ya kwanza ilikufa hivyo, na kosa lilikuwa langu, kwa kuwa niliitunza kama mtu anavyotunza nguo ya Idi. Sasa nahifadhi vyombo vyangu katika ndoo kubwa ya plastiki yenye kifuniko kinachobana, ndani yake nikiwa nimeweka mfuko wa chembe za silika, zile zinazobadilika rangi zikishiba maji. Zikishiba nazikausha kwa moto mdogo na kuzirudisha. Nikitoka kutazama usiku wa umande sikifungi chombo kikiwa kimelowa, nakiacha wazi chumbani mpaka kikauke chenyewe. Chumvi ya bahari naipuliza kwanza kwa pampu ndogo ya mkono kabla kitambaa hakijagusa kioo, kwa sababu chembe ya chumvi au mchanga ikisuguliwa huchora mistari isiyofutika.

Darubini ya bomba ije mwisho. Mimi niliiharakisha. Katika duka moja nilivutiwa na boksi lenye picha ya Zohali na maandishi makubwa kwamba chombo kinakuza mara 525, nikatoa akiba yangu yote. Lenzi yake ilikuwa na upana wa milimita 60. Kanuni inayofahamika ni kwamba kila milimita ya upana haiwezi kubeba zaidi ya kukuza mara 2, kwa hiyo chombo kile mwisho wake ulikuwa mara 120, tena usiku hewa ikiwa imetulia. Zaidi ya hapo ni ukungu unaopanuka. Miguu yake mitatu ilikuwa myepesi kiasi kwamba nikigusa tu, Mushtarii alirukaruka na kutoka. Ninamwonea uchungu kila mtoto anayepewa chombo cha namna hiyo, kwa sababu huamini kwamba tatizo ni lake.

Hesabu ya kukuza ni nyepesi: urefu wa kilenga cha darubini, yaani umbali kutoka lenzi au kioo mpaka pale nuru inapokutana, unagawanywa kwa urefu wa kilenga cha lenzi ya machoni. Bomba nililonalo sasa ni la kioo cha kurudisha nuru, lina upana wa milimita 130 na kilenga cha milimita 650, hivyo lenzi ya milimita 25 hunipa mara 26 na ile ya milimita 10 hunipa mara 65. Kwa mara 26 Mwezi mzima huenea ndani ya duara. Kwa mara 65 pete ya Zohali hujitenga na mwili wake, na miezi minne ya Mushtarii ambayo Galileo aliiona Januari 1610 hujipanga kama shanga.

Nililinunua bomba hilo kwa mtu aliyekuwa anahama, likiwa na kishikio cha aina inayoitwa ikwetoria, ambacho mhimili wake lazima uelekezwe sambamba na mhimili wa dunia. Huko Ulaya mhimili huo husimama nyuzi 40 au 50 na chombo hukaa vizuri. Kwetu ni nyuzi 6 tu, yaani karibu ulale, na uzito wa kusawazisha ukawa unagonga mguu wa stendi kila nikigeuza. Mwenye kuishi karibu na ikweta asikubali kuuziwa kishikio hicho kabla ya kukijaribu.

Suluhisho lilitoka kwa John Dobson, aliyeishi baina ya 1915 na 2014, na ambaye huko San Francisco aliwaonesha wapita njia mbingu kwa darubini zilizokaa katika masanduku ya mbao. Sanduku lake husogea kwa namna mbili tu, juu na chini, kulia na kushoto. Nilimchorea seremala wetu wa mtaani, na yeye akauliza maswali mazuri kuliko niliyokuwa nayo. Ubavuni tulifunga mifuniko miwili ya bomba la plastiki la inchi 4 ikawa magurudumu ya kupandisha na kushusha. Chini, baina ya mbao mbili za duara, ami yangu alitoa sahani ya santuri ya taarabu iliyokwaruzika isiyochezeka tena, nasi tukakata vipande vitatu kutoka kibao cha plastiki cha jikoni viteleze juu yake. Mtelezo wake ni laini, na kikiachwa husimama pale pale. Udhaifu wake ni mmoja: kitu kikiwa utosini kabisa, na sayari kwetu hupita karibu na utosi, sanduku hugoma kuzunguka. Nangoja nusu saa, kwa kuwa mbingu huzunguka nyuzi 15 kwa saa, nacho hujiteremsha chenyewe upande wa magharibi.

Kuhusu lini, kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa ukutani inatosha. Tarehe 6 mpaka 9 ni za kuutazama Mwezi wenyewe, wakati kivuli kinakata katikati na mashimo yake yanasimama wazi. Tarehe 13 mpaka 16 nuru yake hufuta kila kitu. Kuanzia tarehe 20 mpaka mwezi uandame, jioni ni ya nyota. Kusi la Juni mpaka Agosti huleta usiku mkavu lakini hutikisa bomba, basi kaa nyuma ya ukuta. Na Jua lisielekezwe darubini ya aina yoyote bila kichujio maalumu kinachofunika mbele ya chombo. Tarehe 1 Septemba 2016, Jua lilipopatwa, nilimwona mtoto jirani akiinua darubini ya macho mawili, nikaikamata mkononi mwake kabla haijafika usoni. Jicho huungua bila maumivu.

Mjini taa zimezidi, kwa hiyo mara nyingi nalibeba sanduku mpaka Kizimkazi kwa mjomba wangu, mvuvi, ambako upande wa kusini ni bahari tupu. Juni iliyopita, saa mbili usiku, nililielekeza kwenye Omega Centauri, fungu la nyota zinazokadiriwa kufikia milioni 10, lililo umbali wa miakanuru 17,000 hivi.

"Mjomba, inama hapa, usiliguse bomba."

Alikaa kimya muda mrefu. "Hii mie naijua," akasema, "naiona kila mwaka nikiwa ngalawani, nikidhani ni nyota moja iliyochoka."

Aliniomba nimwachie. Fungu lilipofika ukingoni mwa duara alilisukuma sanduku mwenyewe kwa kidole kimoja kulifuata, na ile sahani ya santuri ikazunguka chini yake bila sauti.