Sawa, mwalimu

Wiki hii mkuu wetu wa shule amehamishwa, na mdogo wangu ameoa kule Malindi, harusi ikafana kweli. Lakini nikilala, ninalolisikia ni lile jibu la baba yake binti ninayemfundisha mbio za mita 200, yule binti niliyewasimulia muhula uliopita.

Alikuja uwanjani Jumanne bila taarifa, akaegesha pikipiki karibu na goli, akatazama. Watoto walikimbia mita 30 kwa nguvu zao zote, wakarudi kwa miguu, wakakaa nyasini dakika tatu. Wakakimbia tena.

"Mwalimu, mbona hawa wanakaa kuliko wanavyokimbia?"

"Mzee, leo ni siku ya kasi. Mtoto akishachoka, anajizoeza kukimbia polepole."

"Sisi tulikimbia mpaka mtu anatapika."

"Zile zilikuwa mbio ndefu, mzee."

Akanitazama. "Sawa, mwalimu." Akawasha pikipiki, akaenda.

Sawa gani ile? Nimesahihisha madaftari nikiisikia, nimeosha vyombo nikiisikia. Kila mara namjibu upya. Namwambia nguvu ya kuchomoka imo kwenye misuli kwa sekunde chache tu, na inachukua dakika kadhaa kurudi; ukimharakisha mtoto, mbio ya nne si ya kasi tena hata akijitahidi vipi. Namwambia kuhusu goti la bintiye. Amerefuka ghafla mwaka huu, na pale chini ya kifuniko cha goti, ule mshipa mgumu unavuta mfupa ambao bado unakua. Ndiyo maana nimempunguzia kuruka. Kinachoniuma ni kwamba aliona uvivu mahali ambapo mimi nilikuwa nahesabu sekunde kwa ajili ya mwanawe.

Jana usiku, lakini, nilipoa. Huku ni Uasin Gishu. Mtu anazaliwa akiona majirani wakipanda barabara ya vumbi kabla ya jua, na jasho la kilomita nyingi ndiyo kazi anayoifahamu. Mkimbiaji wa mbio fupi angemwona wapi? Omanyala mwenyewe, Mkenya wetu wa mita 100, alitoka kwenye raga, na mpaka Septemba 2021, alipokimbia kwa sekunde 9.77 pale uwanja wa Kasarani, Nairobi, na kuweka rekodi ya Afrika, wengi hapa tulidhani mita 100 ni za watu wa kwingine. Mwezi mmoja kabla, uwanja ule ule, Tebogo wa Botswana alishinda mita 100 za dunia za vijana chini ya miaka 20. Mwaka 2024 akachukua dhahabu ya mita 200 kule Paris. Binti huyu anamtaja Tebogo kama anavyotaja binamu yake.

Mzee akirudi, nitampa saa ya kupimia. Apime mwenyewe mbio za bintiye akiwa amepumzika, halafu apime za mwenzake aliyenyimwa mapumziko, mimi nikiwa kimya. Nataka sana arudi. Mtoto mwenye kipaji hiki anamhitaji baba yake ukingoni mwa uwanja.

Na Mama, jamani. Siku ya harusi nilimwona akimimina chai nje ya kikombe, akasema ni moshi wa jikoni. Juzi kwenye simu amekiri jicho la kushoto lina ukungu tangu Ramadhani. Hataki hospitali mpaka wageni waondoke, na wageni wenyewe hawana dalili ya kuondoka. Nimemwandikia dada ampeleke kesho. Ujumbe ameusoma, hajajibu.