Haukulipuka, Uliumuka

Mwaka 2023, wanafunzi wa kwanza kabisa wa gredi ya saba walipoingia sekondari ya chini, nilikuwa nafundisha Malindi. Siku hiyo niliandika ubaoni "Mlipuko Mkubwa", jina la nadharia ya jinsi ulimwengu ulivyoanza, na kabla sijageuka maswali yakaanza. Ulilipukia wapi? Nani aliusikia?

Nikaeleza kuwa hapakuwa na mahali pa kulipukia. Nafasi yenyewe ndiyo iliyoanza kutanuka, miaka bilioni 13.8 iliyopita, kila mahali kwa pamoja. Wakanitazama tu. Naamini tatizo lilikuwa neno lenyewe: ukishataja mlipuko, mtoto ameshaona moto, moshi na shimo. Hata jina la Kiingereza, Big Bang, alilitoa mwanaastronomia Fred Hoyle kwenye redio ya BBC mwaka 1949, naye nadharia yenyewe hakuikubali.

Binti mmoja, ambaye mamake hukaanga mahamri karibu na steji, akasema polepole: "Mwalimu, basi haukulipuka. Uliumuka."

Miaka yote niliyofundisha sikuwa nimelifikiria neno hilo. Nikamwomba alete unga.

Kesho yake alikuja na donge kwenye sinia, limefunikwa leso, linanukia iliki. Tukapachika choroko tatu kwa mstari: ya pili sentimita 4 kutoka ya kwanza, ya tatu sentimita 8. Tukaliweka dirishani. Joto la Malindi na hamira vikafanya kazi yake. Baada ya mapumziko tukapima tena: 4 ilikuwa 5, na 8 ilikuwa 10. Choroko ya mbali ilikuwa imesogea mara mbili ya ile ya karibu, na hakuna iliyotembea. Unga ndio uliozibeba. Hapo nikawasimulia mwanaastronomia Edwin Hubble, aliyeonyesha mwaka 1929 kwamba galaksi, yaani kundi kubwa mno la nyota, kadiri ilivyo mbali ndivyo inavyotukimbia kwa kasi zaidi. Safari hii walinielewa. Wakapima upya kuanzia choroko nyingine, kila kundi likidai lake ndilo katikati.

Kisha kijana mmoja akauliza, "Na hamira alitia nani?"

Darasa likatulia. Nilimwambia kuwa Georges Lemaître, Mbelgiji aliyeandika juu ya mwanzo wa ulimwengu mwaka 1931, alikuwa kasisi, na kwamba kuhusu hamira sina jibu la kisayansi la kumpa. Akaliandika swali lake nyuma ya daftari.

Kengele ikalia. Binti akachomoa choroko moja moja, akafunika sinia. Mamake alikuwa akiungoja unga ule kwa mauzo ya jioni.