Bata Bukini wa Theluji Njiani Kwenda Kaskazini

Huku Pennsylvania, bata bukini weupe hawafuati kalenda. Wanafuata barafu. Bwawa la Middle Creek likianza kuyeyuka, kwa kawaida mwishoni mwa Februari, wanashuka kwa makumi ya maelfu, wakikaa hadi theluji ya mbele yao iwafungulie njia.

Tulitoka Lancaster usiku bado, mimi na jirani yangu, mzee aliyekulia Uvira, Kongo, kando ya ziwa Tanganyika. Barabara inakatiza mashamba ya Waamish, Wakristo wasioendesha magari, na mara mbili tulipunguza mwendo kupisha vigari vya farasi. Kelele za ndege tulizipata tangu tunafunga milango ya gari. Kule Willow Point, ukingoni mwa bwawa, kulikuwa kumeanza kupambazuka, na bwawa lilikuwa jeupe kutoka ukingo hadi ukingo.

Kisha tai akapita juu yao. Kundi zima likainuka kwa pamoja, mlio kama mvua kubwa inapofika juu ya mabati, ncha nyeusi za mabawa zikafunika anga. Mzee alinishika mkono, hakusema kitu.

Tuliwafuata kwa gari hadi shamba la mabua, wanakookota mahindi yaliyodondoshwa na mashine za kuvunia. Kwa karibu unaona nyuso zenye rangi ya kutu: ni madini ya chuma kwenye matope wanamochimba mizizi. Unaona pia wachanga wa kijivu wakitembea kati ya wawili weupe.

"Hawajaachana na wazazi?" mzee akauliza.

"Bado, mzee wangu. Mpaka wazazi waanze kutaga tena."

Watataga mbali sana, Aktiki ya Kanada, kwenye visiwa kama Bylot. Mwanzoni mwa karne ya 20 aina hii ya mashariki ilibaki elfu chache tu. Marekani ikapiga marufuku kuwawinda upande wa mashariki kuanzia 1931 hadi 1975, na mahindi hayo ya mabuani yakawanenepesha. Leo ni mamia ya maelfu, kiasi kwamba Kanada imeruhusu kuwawinda hata majira ya kuchipua tangu 1999, wasimalize majani ya huko. Sababu naielewa, ila bado inaniuma.

Kabla ya Aktiki watatua Quebec, kwenye bonde la mto St. Lawrence, sehemu kama Baie-du-Febvre, kujaza mafuta mwilini. Mzee ana binti Montreal. Tukiwa njiani kurudi akampigia simu: "Mwanangu, Baie-du-Febvre ni mbali na kwako? Mwezi wa nne nakuja."