Siku moja maishani mwangu: kesho ni insha za historia

Saa 11 alfajiri. Simu inalia, nami nimeshaamka kitambo. Kesho tuna mtihani wa historia, sehemu ya insha. Maswali ya kuchagua herufi hayanitishi, ukibahatisha unaweza kupata. Kwenye insha hakuna pa kujificha.

Saa 12. Najitungia swali: "Ujerumani ndiyo iliyosababisha Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Jadili." Najipa dakika 40, daftari limefungwa.

Saa 1 kasoro. Kurasa tatu! Najisifu, kisha nasoma. Nimeanzia Sarajevo, 28 Juni 1914, Gavrilo Princip, kijana Mserbia wa Bosnia, anamuua Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha enzi cha Austria-Hungaria, nikasimulia hadi Wajerumani wanaingia Ubelgiji tarehe 4 Agosti. Hadithi tamu, ila swali sijaligusa. Mwalimu wetu huandika neno moja pembeni kwa kalamu nyekundu: "Kwa hiyo?" Nimeshaliona kabla hajaliandika.

Saa 2 hadi saa 8, vipindi. Mwili ulikuwepo.

Saa 9 alasiri. Mimi na rafiki yangu tunagawana pande. Mimi naishtaki Ujerumani: tarehe 5 Julai iliiahidi Austria-Hungaria kuwa itasimama nayo hata Urusi ikiingia. Bila ahadi ile, Austria ingethubutu kuishambulia Serbia? Yeye anatetea: Urusi ilitoa amri ya kukusanya majeshi yake yote tarehe 30 Julai, Ujerumani ikatangaza vita tarehe 1 Agosti. Nani alitangulia? Namtupia kifungu cha 231 cha Mkataba wa Versailles wa 1919, ule wa amani baada ya vita, ambacho kiliibebesha Ujerumani na washirika wake dhamana ya hasara za vita. Anacheka. "Hicho wameandika washindi. Hiyo ni hukumu, siyo ushahidi."

Nimekosa jibu. Lakini aya yangu ya tatu nimeipata pale pale, bila jasho.

Saa 1 usiku. Naandika upya. Safari hii dakika 5 za mwanzo ni za mpango tu: msimamo wangu kwa sentensi moja (lawama kubwa ni ya Ujerumani, ila si yake peke yake), halafu kila aya inafunguka kwa hoja, tarehe inafuata kama shahidi aliyeitwa. Kurasa mbili, na Princip kapata nusu mstari. Maskini.

Saa 4 usiku. Nimezima taa. Ujumbe unaingia kutoka kwa rafiki: "Na Serbia je?"

Nimewasha taa.