Kumbukumbu ya Mboga za Vyungu: Kufunga Msimu

Msimu wa mboga zangu za vyungu unaelekea ukingoni. Usiku umeanza kupoa, na minyanya, ambayo hushindwa kufunga matunda vizuri joto la usiku linaposhuka chini ya nyuzi 13 hivi, inapukutisha maua ingawa majani yake bado ni mengi na mabichi. Kwa hiyo nimekata ncha ya kila mnyanya na kuondoa maua yote yaliyosalia, kwa kuwa ua linalochanua sasa halitawahi kuwa tunda, na chakula kinachotengenezwa na majani ni afadhali kiende kwenye matunda yaliyokwisha kunenepa.

Nyanya zilizokomaa lakini bado ni za kijani nimezichuma na kuziweka ndani, mahali penye joto la wastani. Hazihitaji jua ili ziive. Zinahitaji joto na gesi ya ethilini ambayo tunda lenyewe huitoa. Iliyo tayari huitambua kwa rangi yake, ambayo hupauka na kuelekea weupe, kisha wekundu hafifu huanza kujitokeza kitakoni. Zile ndogo zenye kijani kibichi na ngozi ngumu sizisubiri, kwani nyingi hunyauka kabla ya kuiva.

Mchicha umekwisha kutoa mbegu, nami nimeung'oa.

Kazi iliyonichukua muda zaidi, na ambayo naona ndiyo kiini cha kufunga msimu, ni ya udongo. Nilipoupindua mnyanya mmoja uliokuwa kwenye chungu kidogo, bonge zima lilitoka likiwa na umbo la chungu chenyewe: mizizi myeupe imezunguka pembeni na chini, tabaka juu ya tabaka, huku katikati udongo ukiwa mkavu kabisa ingawa nilikuwa nimemwagilia asubuhi ile. Maji yalikuwa yakiteremka kati ya bonge na ukuta wa chungu na kutokea matunduni. Hapo ndipo ilipo sababu ya matunda ya chungu hicho kuoza kitako, kwa maana kalisi, madini ambayo tunda huyahitaji, husafiri na maji, na maji yanapofika kwa kukatikakatika, ncha ya chini ya tunda hukosa fungu lake. Msimu ujao minyanya yote itapandwa kwenye vyungu vya lita 20 au zaidi.

Juu ya udongo na kwenye kingo za vyungu kuna pia ukoko mweupe wa chumvichumvi za mbolea na za maji. Nimeukwangua, kisha nikamwagilia maji mengi, taratibu, hadi yakachuruzika chini kwa muda mrefu, ili chumvi zilizoyeyuka zitoke. Udongo wa mimea iliyokuwa na afya nauchambua mizizi, nauchanganya na mboji iliyooza vizuri, na kuutumia tena, isipokuwa kwamba uliokuza nyanya hautapokea nyanya, bilinganya, pilipili wala viazi mviringo, kwani zote ni za ukoo mmoja na hushirikiana magonjwa kama mnyauko. Mizizi yenye vinundu vya minyoo fundo, yaani minyoo midogo sana ya udongoni inayoshambulia mizizi, siiweki kwenye mboji hata kidogo, wala sitaurudisha udongo wake chunguni.

Mbegu nimezitoa kwenye nyanya zisizo chotara pekee, kwa sababu mbegu za chotara hazizai mmea unaofanana na mama yake. Nimeziacha kwenye maji yake zichachuke hadi ule utelezi unaozizingira ukaachana nazo, kisha nikazisuuza na kuzianika kivulini.

Pilipili sijaing'oa. Watu wengi huitupa pamoja na mimea mingine, jambo linalonisikitisha, kwani kwa asili ni mmea wa kuishi miaka kadhaa, na baridi kali tu ndiyo huiua. Nitaipunguza matawi hadi nusu, niiingize ndani karibu na dirisha lenye mwanga, na kuimwagilia pale tu udongo wa juu utakapokauka.