Dharau nayo ni kipigo
Jirani yangu hapa Obunga, Kisumu, hukaanga mgongo wazi, mifupa ya samaki inayobaki baada ya minofu kutolewa, kutwa nzima. Juzi nilimsindikiza kliniki, mtoto ana homa. Karani akaitazama leso yake yenye madoa ya mafuta, akasema, “Wewe ngoja nje, unanuka samaki.” Mama wa watu akainama tu, akamkumbatia mtoto. Iliniuma mno. Tukitaja vurugu tunakumbuka mawe na marungu ya baada ya uchaguzi wa 2007, kumbe maskini huumizwa hivi kila siku, ilhali Kifungu cha 28 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinasema utu wa kila mtu uheshimiwe. Akina mama wa chama chetu wamekubaliana: hakuna kwenda ofisi yoyote peke yako. Jumatatu tunarudi naye, tuonane na mkubwa wa pale, tuongee kwa heshima mpaka tuelewane.